Mzee wa Reli na Mshahara wa Kapera

Desturi ya Chama chetu katika taarifa ya kila mwaka ni kuandika majina ya wanachama waliofariki, siku waliyozikwa, na msaada uliotolewa kwa jamaa zao. Desturi hiyo ni njema, na majina ya mwaka huu mtayaona mahali pake. Lakini Halmashauri ilipokutana baada ya kurudi kutoka Bunyore, tulikompeleka mzee wetu aliyekuwa mnyapara wa reli, wajumbe waliona ya kuwa mstari mmoja haumtoshi mtu yule. Tukaagizwa sisi wa meza ya mwandishi tuandike habari za maisha yake kwa urefu kidogo. Jamaa zake wametupa ruhusa, ila wameomba jina lake lisitajwe katika habari hii, kwa kuwa baadhi ya mambo yaliyosemwa usiku wa matanga ni mambo ya nyumbani. Basi tutamwita Mzee tu, na waliomjua watamjua.

Kwanza yatupasa tuseme neno juu ya reli yenyewe, maana vijana wengi wa Chama wameijua reli mpya tu, ile iliyofunguliwa kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, nao hudhani ya zamani ilikuwa mchezo. Reli ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu, mwendo wa karibu maili 580. Hesabu zake zote ziliandikwa. Watu walioletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba walikuwa 31,983, na katika hao walikufa 2,493. Mataruma yaliyoletwa kwa meli yalikuwa kama 1,200,000, na kabari za chuma za kuikaza reli juu ya mataruma zilikuwa 4,800,000. Hata simba wa Tsavo waliokula watu mwaka 1898 waliandikiwa kitabu.

Lakini kabari haijikazi yenyewe. Gari la moshi likipita, chuma hutikisika. Jua likiwaka, reli hurefuka. Usiku wa baridi ukiingia, reli hujikunja tena. Na kila mara kabari chache hulegea. Hapana budi mtu apite kwa miguu na nyundo begani, akitazama kabari moja moja, akiigonga iliyolegea, akikaza vyuma vinavyounga reli na reli, akichungulia mifereji ya chini ya tuta isizibwe na takataka. Kesho yake apite tena. Mtu huyo hakuandikiwa kitabu. Mzee wetu alikuwa ni mmoja wao, kwa muda wa miaka 37.

Alizaliwa Bunyore karibu na mwaka 1930, wakati reli ya tawi la kutoka Kisumu kwenda Butere ilipokuwa ikijengwa kupitia nchi yao. Mwenyewe alipenda kusema ya kwamba yeye na ile reli walikua pamoja, ila reli ilipata kulishwa zaidi. Alisoma shule ya misheni miaka minne, akajua kusoma na kuandika na kuhesabu, kisha karo ikakosekana. Mwaka 1948 akaandikwa kazi. Mwaka ule ule, tarehe 1 Mei, reli za Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja na bandari zake zilikuwa zimeunganishwa kuwa shirika moja la Afrika Mashariki, naye akapewa karatasi yenye jina hilo jipya. Akapelekwa kwenye genge la njia upande wa Mau, kule reli inakopanda kutoka Nakuru kwa Njoro, Elburgon na Molo, ikapita kilele cha Mau, ndipo ikaanza kuteremka kuelekea Londiani na ziwani. Wenyeji wa Nakuru wajua baridi ya huko. Mzee alitoka nyumbani na shati moja na kaptura.

Walikaa katika landi, yaani zile nyumba za wafanya kazi zilizojengwa kwa safu moja kando ya reli, mbali na mji na mbali na duka. Kila genge lilikuwa na maili zake za kutunza, na mwisho wa maili zako ulianza mwanzo wa maili za genge jingine. Alfajiri mmoja hutangulia na nyundo, spana, bendera ya kijani na bendera nyekundu, na fataki chache za kutandika juu ya reli ikiwa njia imeharibika, ili dereva asikie mlio asimamishe gari. Wengine hufuata kwa sururu na koleo kushindilia kokoto chini ya mataruma. Mkaguzi wa njia hupita kwa toroli, ameketi, akisukumwa, na penye kosa huandika. Mzee alituambia ya kwamba katika miaka kumi ya kwanza hakumwona mkaguzi akiandika palipo sawa.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuchague jina la habari hii. Katika nchi yetu, siku zile, mshahara wa chini wa Mwafrika ulipimwa kwa mahitaji ya kapera, yaani mtu mume asiye na mke wala mtoto. Ilidhaniwa ya kuwa mke yuko shambani, na shamba lamlisha yeye na watoto. Basi mjini au relini atosheleze mtu mmoja, blanketi moja na chungu kimoja. Chumba nacho kilijengwa kwa kipimo hicho hicho. Wafanya kazi waliujua udhalimu huu mapema. Mwezi wa Januari 1947 watu wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandari na wa reli na wa kazi nyingine, waliacha kazi siku nyingi kwa ajili ya mshahara na gharama za maisha, na Chege Kibachia akawa msemaji wao mashuhuri. Mzee alipofika landi mwaka uliofuata aliwakuta watu bado wakizungumza habari hizo jioni, kwa sauti ndogo. Miaka saba baada ya mgomo ule, mwaka 1954, kamati ya serikali chini ya Bwana Carpenter ilikiri wazi ya kuwa mshahara wa kapera hauwezi kujenga wafanya kazi imara, ikashauri upandishwe hatua kwa hatua mpaka umfae mtu mwenye mke na watoto. Shauri likafuatwa polepole, tena kwa sehemu.

Mzee hakungoja kamati. Alioa mwaka 1952, akapata mtoto wa kwanza mwaka 1953. Katika hesabu ya reli alikuwa mtu mmoja. Katika hesabu ya Bunyore alikuwa mume, baba, mwana wa mama mjane, na kaka wa ndugu wadogo watatu. Hesabu mbili hizi zilipatanishwaje? Zilipatanishwa na mke wake, ambaye sisi twamwita Mama. Yeye alikaa nyumbani, akalima mahindi na wimbi katika shamba dogo (kila aliyepata kufika Bunyore ajua jinsi watu walivyosongamana kule), akafuga kuku, akauza ndizi sokoni Luanda, akapokea kila mwezi hawala ya posta kutoka kwa mumewe. Mara moja kwa mwaka Mzee alipewa likizo na pasi ya kusafiri bure, akateremka kwa gari la abiria daraja la tatu mpaka Kisumu, na toka Kisumu mpaka nyumbani. Baada ya mavuno Mama naye huweza kwenda landi majuma machache, akiwa amechukua unga na mtoto mgongoni. Ndivyo walivyoishi tangu 1952 hata 1985. Tulipokaa tukapiga hesabu pamoja na mkwe wao mmoja, tuliona ya kuwa katika miaka ile 33 ya ndoa, siku walizokaa chini ya paa moja hazikutimia miaka minne.

Hatutaki msomaji adhani Mzee alikuwa mtu wa huzuni. Alikuwa mcheshi sana. Aliwapenda wale injini wakubwa wa Garratt, wenye maungo mawili yanayopinda katikati kwenye kona, na mpaka uzee wake aliweza kuigiza kwa mdomo mlio wa injini anayepanda mlima na mlio wa yule anayeteremka, na watoto wa Nakuru wakaujua tofauti yake. Alipofanywa mnyapara aliacha kabisa kumtukana mtu kazini, jambo ambalo wanyapara wa siku zile walilihesabu kuwa udhaifu. Wala hapakuwa na gari lililopata kuanguka juu ya maili zake. Kwa hilo alijivuna, na sisi twaona ni haki yake.

Ila kulikuwa na neno moja baina yake na mwanawe wa kwanza, na neno hilo ndilo lililotokea hadharani usiku wa matanga.

Wazee wakumbuka mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961, zilizofurika nchi nzima, mito ikaacha njia zake. Kule Mau tuta la reli lilimeguka usiku katika maili za Mzee, reli zikabaki zikining'inia hewani kama ngazi iliyolala. Genge likafanya kazi usiku na mchana katika matope, likizuia tuta kwa mawe na magogo, na watu wawili wakisimama kila upande na taa na fataki. Siku ya pili ililetwa simu ya upepo kutoka nyumbani: binti yake wa pili, mwenye umri wa miaka minne, amefariki kwa homa. Mzee akaenda kwa mkubwa wake kuomba ruhusa. Akajibiwa ya kuwa hawezi kuondoka mpaka tuta lifungwe. Akarudi kwenye matope. Alifika nyumbani siku ya tisa, mtoto amekwisha zikwa, naye mwanawe wa kwanza, aliyekuwa na miaka minane na ndiye aliyeshika kamba ya jeneza upande wa baba, hakumwamkia.

Kijana yule alikua, akasoma kwa fedha za hawala zile zile, akawa mwalimu, akastaafu. Sasa yeye mwenyewe ni babu. Alimtunza baba yake vema, wala hakumkosea heshima kwa maneno. Lakini matangani, zamu yake ya kusema ilipofika, alisema hivi mbele ya watu: "Baba yangu alikuwa mtu mwema kwa reli. Sisi tulimjua kama mgeni mwema ajaye na sukari. Siku ile tulipomhitaji, alichagua reli." Watu wakanyamaza. Mchungaji akatazama chini. Sisi tuliokwenda kwa niaba ya Chama, tulioandaa hotuba ya kumsifu, tukaikunja karatasi tukaitia mfukoni.

Ndipo Mama akaomba asaidiwe kusimama. Ana umri mkubwa sasa na sauti yake ni ndogo, hata ikabidi watu wasogee. Akasema: "Mwanangu, zilipelekwa simu mbili. Ya kwanza aliipeleka baba mdogo wako, kumwita. Ya pili niliipeleka mimi kesho yake. Nilimwambia tumekwisha mzika mtoto, asije, asiache kazi. Wewe ulikuwa darasa la pili, na nyuma yako walikuwapo wawili. Mwenziwe mmoja wa landi alikwenda bila ruhusa kumzika mamaye, akafutwa. Nilijua baba yako angekwenda bila ruhusa. Alikuwa ameanza kufunga mzigo. Mimi ndimi niliyechagua."

Mwanawe akamwuliza kwa nini hawakumwambia miaka yote ile. Mama akajibu: "Baba yako alisema, afadhali mtoto amkasirikie aliye mbali kuliko kumkasirikia anayempikia." Kisha akaketi.

Sisi hatuna la kuongeza juu ya maneno hayo. Twataja tu ya kwamba mambo haya hayapatikani katika vitabu vya reli, wala katika taarifa ya kamati ya 1954, ingawa ilikuwa kamati yenye macho kuliko nyingine. Fedha zisizolipwa na mwajiri zililipwa na mtu mwingine, naye mara nyingi alikuwa mwanamke mwenye jembe.

Miaka iliyofuata yaweza kusimuliwa upesi. Uhuru ulikuja mwaka 1963, na wakubwa wa reli wakabadilika rangi kidogo kidogo. Genge likaendelea na nyundo ile ile. Mwaka 1969 shirika likabadilishwa jina na bandari zikatengwa na reli. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na kila nchi ikashika mabehewa yaliyokuwa ndani ya mipaka yake. Mwaka 1978 likaundwa Shirika la Reli la Kenya. Mzee aliona mabehewa yenye herufi za zamani yakipakwa rangi mpya juu yake, na mvua ikija herufi za zamani zikaonekana tena. Injini za mvuke nazo zikaondolewa njiani, mbili za Garratt kubwa zikawekwa Nairobi katika nyumba ya makumbusho ya reli, ambako wajukuu zake walimpeleka siku moja. Alizunguka injini ile mara moja tu, akachuchumaa kutazama chini. Walipomwuliza atazama nini, akasema anatazama reli zilivyokazwa. Hakuridhika nazo.

Mwaka 1985 alitimiza miaka 55, akastaafu. Chumba cha landi akakirudisha, maana nyumba ya reli ni ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba imekwisha. Wanachama wetu wenye jamaa Muthurwa, Nairobi, walijua jambo hili kwa uchungu mwaka 2010, wastaafu wa reli na jamaa zao walipotakiwa kuhama katika nyumba walizozeekea, mpaka mwezi wa Agosti 2013 Mahakama Kuu ikaamua ya kuwa haki zao zimevunjwa. Mzee hakupatwa na hayo, kwa sababu alikuwa na nyumba Bunyore: vyumba vinne, kuta za matofali na paa la bati. Matofali yale yalichomwa na Mama kwa fedha za hawala na za ndizi, chumba kimoja kwa miaka kadha, na kingine baadaye. Mzee alikuwa hajalala humo zaidi ya likizo. Mama anasimulia kwa kucheka ya kwamba mwaka wa kwanza aliuliza kila siku jembe huwekwa wapi, chumvi iko wapi, mbwa huyu ni wa nani. Na usiku wa manane huamka akitafuta taa, mvua ikinyesha, akitaka kwenda kutazama tuta.

Akajifunza. Alilima, akapanda migomba kwa mistari iliyonyoka kupita kiasi, akawa mzee wa kanisa, akawasomesha wajukuu hesabu za maili na saa. Pensheni yake ilikuwa ndogo, na miezi mingine ilichelewa katika ofisi tusiyoitaja, akasafiri mara nyingi kuifuata kwa nauli iliyokaribia kuimaliza. Miaka yake ya mwisho alikaa Nakuru kwa binti yake kwa ajili ya matibabu, na ndipo vijana wetu walipozoea kwenda kumsikiliza Jumapili jioni. Katika Chama alikuwa amelipa ada tangu siku za landi, wala hakupata kudaiwa.

Alikufa akiwa amepita miaka tisini, usingizini. Chama kilitoa sanduku na gari, kama kanuni zetu zisemavyo. Tulipanda Mau usiku. Dereva wetu, kijana asiyejua habari hizi, alisimama mwenyewe pale barabara inapokaribia reli ili aangalie magurudumu, na mwalimu, yule mwanawe wa kwanza, akashuka akaenda kusimama juu ya mataruma kwa muda. Hakusema neno. Hayo yalikuwa kabla ya matanga, kabla hajasikia habari za simu ya pili. Baada ya maziko hatukusafiri naye tena. Alibaki Bunyore kwa mama yake, na mpaka twaandika haya bado yuko huko.

Wajumbe waliuliza kama Mzee aliacha nyundo, wakitaka iwekwe katika chumba cha mikutano. Hakuacha. Alipostaafu alirudisha kila kitu, akaandikiwa karatasi ya kupokelea: nyundo moja, spana moja, bendera mbili, taa moja, fataki sita. Karatasi hiyo ilikuwa katika bati la majani ya chai pamoja na vipande vya hawala vilivyofungwa kwa uzi, mwaka kwa mwaka, na simu mbili za mwezi wa Novemba 1961. Mama ametuazima bati hilo ili tuandike habari hii. Tumenakili karatasi ya nyundo kwa ajili ya jalada la Chama. Vilivyobaki vimerudishwa kwake, na mwalimu ndiye aliyevipokea na kutia sahihi.